Dhamira ya Nani? Visasili vya Buhaya na Maana Zinazosomwa katika Filamu ya Black Panther

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali linalojirudia kila filamu pendwa inapojadiliwa na wanafasihi: je, maana za kisasili zinazoonekana ndani yake zimekusudiwa na watengenezaji, au zimebuniwa na watazamaji? Mfano unaochambuliwa ni filamu ya Black Panther (2018) inavyosomwa kwa jicho la visasili vya Buhaya, hususani kisa cha mnara wa chuma wa Rugomora Mahe na kisa cha Wamara, Kintu na Rufu. Makala yanadai kwamba mfanano unaovutia watu zaidi, yaani ule wa chuma, ndio ulio dhaifu zaidi. Kwamba mfanano wa deni una uzito ijapokuwa haukukusudiwa na mtu yeyote. Na kwamba mfasiri wa filamu kwa Kiswahili hulazimishwa na lugha yenyewe kuwa mkusudiaji mwingine, ambaye uhakiki wetu bado haujampa nafasi.

1.0 Utangulizi

Filamu ya Black Panther ilipotoka mwezi Februari 2018, Bukoba haikubaki nyuma katika kuizungumza. Dai moja ambalo mwandishi wa makala haya amelisikia mara nyingi, vijiweni na hata katika semina za uzamili, ni kwamba Wakanda si nchi ya kubuni: ni Buhaya iliyobadilishwa jina. Wenye dai hili wana hoja zao. Wakanda ni ufalme wa Kiafrika uliojengwa juu ya elimu ya chuma cha ajabu. Wahaya walifua chuma chenye kaboni karne nyingi kabla ya kufika kwa Wazungu. Wakanda ina mfalme anayeshuka kwa wafu na kurudi; Buhaya ina Wamara. Zaidi ya hayo, katika katuni zilizoandikwa na Ta-Nehisi Coates kuanzia mwaka 2016, nchi hiyo imewekwa kando ya Ziwa Victoria. Mtu aliyezaliwa Kamachumu au Maruku akiona ramani ya namna hiyo, hahitaji kushawishiwa sana.

Upande wa pili wa mjadala ni mfupi na mkali: hayo yote ni njozi za watazamaji. Walioitengeneza filamu hawakuwahi kumfikiria Wamara, kwa hiyo Wamara hayumo.

Makala haya hayaungi mkono upande wowote kati ya hizi mbili. Pande zote zimekubaliana, bila kusema, kwamba maana ina mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni kichwa cha mtengenezaji. Wa kwanza wanadai Wamara alipita mlangoni hapo. Wa pili wanadai hakupita. Sehemu ya kosa hili, kwa maoni yetu, inatokana na msamiati tuliourithi katika uhakiki wa Kiswahili, na huko ndiko tunakoanzia.

2.0 Neno dhamira na matatizo yake

Katika uhakiki wa Kiswahili neno dhamira linabeba mizigo miwili. Kwa upande mmoja ni wazo kuu linalojitokeza katika kazi ya fasihi. Mwanafunzi wa kidato cha nne huulizwa ataje dhamira za tamthiliya na akajibu ukombozi, mapenzi, rushwa. Kwa upande wa pili, katika matumizi ya kawaida, dhamira ni kusudio lililomo moyoni mwa mtu: mtu ana dhamira njema au mbaya, amedhamiria kusafiri. Neno lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, linahusu kilichofichwa ndani ya nafsi. Tunapomfundisha mwanafunzi kutafuta dhamira, basi, tunamfundisha bila kutambua kwamba wazo lililomo katika kazi na kusudio lililomo moyoni mwa mtunzi ni kitu kimoja. Akishaona wazo, anaandika kwamba mwandishi amedhamiria. Hakuna anayemdai ushahidi.

Neno kubuni halisaidii. Mtunzi wa riwaya hubuni, na hiyo ni sifa. Mtazamaji anayeona kisasili katika filamu naye huambiwa amebuni, na hiyo ni lawama. Kitenzi ni kilekile. Tofauti ni nani amepewa leseni ya kukitumia.

Nadharia za kimagharibi zimelijadili tatizo hili kwa muda mrefu. W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley walipinga mwaka 1946 matumizi ya kusudio la mtunzi kama kipimo cha kazi. Roland Barthes alitangaza mwaka 1967 kifo cha mwandishi. Mwaka huohuo E. D. Hirsch akamtetea mwandishi. Tunachokihitaji hapa kutoka kwa Hirsch ni tofauti moja tu, kati ya maana ya matini na umuhimu wake kwa msomaji fulani. Kutoka kwa Umberto Eco tunachukua mgawanyo wa nia tatu: nia ya mtunzi, nia ya msomaji, na katikati yake nia ya matini, ambayo kazi yake kubwa ni kukataa baadhi ya tafsiri.

Mfano wa Bukoba utaonyesha faida ya tofauti ya Hirsch. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imetoka Bukoba, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Filamu ya Titanic ya James Cameron ilitoka mwishoni mwa mwaka 1997. Katika mji ambao karibu kila ukoo ulikuwa na matanga, mtu hangeweza kutazama meli ile ikiinuka na kuzama kama anavyotazama mtu wa Mexico, ambako sehemu kubwa ya filamu ilipigwa. Hata hivyo hatujamsikia mtu yeyote akidai kwamba Cameron alikusudia MV Bukoba, na hatujamsikia mtu akimkejeli mfiwa kwamba amebuni majonzi yake. Kila mmoja anaelewa kwamba umuhimu wa filamu ile kwa Bukoba ulitoka Bukoba. Ni ajabu kwamba ufahamu huu wa kawaida unatutoroka mara tu neno kisasili linapotajwa.

Pengine sababu ni kwamba visasili, tofauti na ajali, huonekana kama havina tarehe. Kisicho na tarehe hudhaniwa kuwa kiko kila mahali.

Pia ipo nadharia ya kienyeji ambayo watafiti wa fasihi simulizi ya Kihaya wanaijua. Peter Seitel, katika mkusanyo wake wa ngano za Kihaya uliochapishwa mwaka 1980, aliifanya kuwa anwani ya kitabu ile kauli ambayo hadhira humjibu nayo msimulizi anapoanza: humtaka aone, ili nao wapate kuona. Kauli hii hukaririwa kama ada tu, lakini ndani yake mna mtazamo kamili kuhusu maana. Msimulizi hapokei amri ya kusema alichokusudia, wala hadhira haipewi uhuru wa kuona chochote. Kuna anayeona kwanza, na kuona kwake ndiko kunakowawezesha wengine. Swali linalofaa kuulizwa kuhusu filamu, kwa mtazamo huu, ni nani ameona kwanza, ameona nini, na sisi tumeonyeshwa kwa njia gani.

3.0 Chuma kishukacho na chuma kipandacho

Tuanze na wale walioona kwanza kwa maana ya kawaida, yaani watengenezaji. Hapa ushahidi upo na ni mwingi. Mhusika Black Panther alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby, akatokea mara ya kwanza katika toleo la 52 la katuni ya Fantastic Four mwaka 1966. Filamu ya 2018 iliongozwa na Ryan Coogler, aliyeandika muswada pamoja na Joe Robert Cole. Mbunifu wa mavazi, Ruth E. Carter, ameeleza hadharani alikochota: mablanketi ya Wasotho kwa watu wa mpakani, kofia ya wanawake wa Kizulu kwa malkia mama, udongo mwekundu wa Wahimba, na kadhalika. Lugha inayosikika Wakanda ni Kixhosa. Mungu wa kike wa ufalme ni Bast, aliyechukuliwa kutoka Misri ya kale, na kabila la mlimani linamtukuza Hanuman, jina lililotoka katika dini ya Kihindu. Hivi vyote ni visasili na alama zilizokusudiwa bila shaka yoyote. Kiswahili kimeambulia jina la kuhani, Zuri, na mambo yakaishia hapo.

Buhaya haimo katika orodha hiyo. Wala tarehe haziruhusu iwemo katika mizizi ya katuni. Peter Schmidt alianza utafiti wake Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960, na makala aliyoandika na Donald Avery kuhusu ufuaji chuma wa Wahaya ilitoka katika jarida la Science mwaka 1978, miaka 12 baada ya Wakanda kuchorwa. Ni makala hiyo iliyoutangazia ulimwengu kwamba matanuri ya Buhaya, kwa mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani ya tanuri na matete yaliyochomwa chini yake, yaliweza kutoa chuma chenye kaboni. Maelezo yao kwamba hewa ilipashwa moto kabla ya kufika kwenye makaa yalizua mabishano miongoni mwa wataalamu wa metali, nasi hatuna haja ya kuyaingilia. Inatosha kuona kwamba hata angetaka, Stan Lee asingeweza kuisoma.

Lakini kusema hakikukusudiwa si kumaliza kazi. Inabaki kuuliza kama matini yenyewe, kwa maana ya Eco, inakubali kusomwa hivyo. Hapa ndipo kisa cha Katuruka kinapaswa kuelezwa kwa ukamilifu zaidi kuliko kinavyoelezwa na wapenzi wa Wakanda.

Katuruka iko Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba. Hapo palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina linalohusishwa na mahali pa kufulia chuma. Masimulizi yanasema kwamba Rugomora Mahe, omukama wa Kyamutwara anayekadiriwa kutawala katika karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni. Mnara ukapanda, kisha ukaanguka. Schmidt alichimba karibu na mti huo, akakuta mabaki ya ufuaji wa chuma ambayo vipimo vya kaboni viliyaweka zaidi ya miaka elfu mbili nyuma, yaani karne nyingi sana kabla ya Rugomora Mahe kuzaliwa. Hoja aliyoijenga katika kitabu chake cha 1978 ni kwamba ukoo mtawala wa Bahinda ulijitwalia mahali ambapo tayari palikuwa na uzito wa kiibada na kumbukumbu ya kale ya chuma, ukapandikiza juu yake kisa cha mfalme wake.

Tulinganishe sasa. Katika filamu, metali ya ajabu inashuka kutoka angani katika kimondo. Watu wanaikuta, na utajiri wao ni wa kupewa. Katika Kaiija, chuma kinatoka ardhini, kinapikwa kwa jasho la wahunzi, na kinapanda kuelekea angani kwa amri ya mfalme. Mwelekeo umegeuzwa, na katika kisasili mwelekeo ni jambo la msingi. Metali inayoshuka ni kisa cha uteule. Metali inayopanda na kuanguka ni kisa cha mfalme aliyevuka mpaka, na labda, kama Schmidt yuko sahihi, ni kisa cha ukoo uliotaka kuonekana mwasisi wa kazi ambayo wengine waliianza. Kaiija kina wahunzi wenye majina ya koo, makaa na tanuri. Wakanda ina mgodi unaong'aa na maabara ya binti mfalme. Hatuoni hata mara moja mtu akipuliza mivukuto. Neno chuma tu ndilo linalounganisha visa hivi viwili, na hata hilo ni kwa kulazimisha, kwa kuwa metali ya Wakanda si chuma.

Kwa hiyo mfanano huu tunaukataa, na tunaukataa kwa nguvu kidogo kuliko adabu ya kitaaluma inavyoruhusu, kwa sababu una gharama. Schmidt ameandika jinsi janga la UKIMWI lilivyowaondoa Kagera wengi waliokuwa watunzaji wa masimulizi, na jinsi wakazi wa Katuruka wenyewe, karibu na mwaka 2008, walivyoanza juhudi za kufufua mahali pao pa kale. Kisa kilichobaki kwa wachache hakistahili kufikia kizazi kipya kikiwa tanbihi ya filamu ya Marekani. Kijana anayejua kwamba Buhaya ni Wakanda ya kweli amejua kitu kidogo kuliko babu yake aliyejua kwamba mnara ulianguka.

Yafaa kutaja kwamba filamu inayobeba Kaiija kwa kukusudia ipo. The Tree of Iron, ya mwaka 1988, iliyotengenezwa na Peter O'Neill na Frank Muhly wakishirikiana na Schmidt, iliwaonyesha wazee wa Kihaya wakirudia ufuaji walioujua ujanani. Waliowahi kuiona nje ya vyuo vikuu ni wachache.

4.0 Deni la Wamara

Mfanano wa pili hausikiki sana vijiweni, ijapokuwa ndio wenye nguvu. Kisa cha Wamara kimeandikwa mara nyingi, tangu kwa Hermann Rehse mwaka 1910 hadi kwa Hans Cory na Schmidt, na matoleo yanatofautiana. Kiini chake katika Buhaya ni hiki. Wamara, mfalme wa Bachwezi, pamoja na wenzake, miongoni mwao Irungu wa pori na Mugasha wa ziwa, wanashuka chini ya ardhi na kufika kwa Kintu. Kintu anawakirimu na kuwapa mali ya kurudi nayo juu. Wanapokea kwa sharti la kurudi kutoa shukrani. Wanarudi kwao, wanastawi, wanasahau. Kintu anamtuma Rufu kudai. Rufu ni kifo. Shina la neno ni lilelile tulilonalo katika mfu na kufa. Utawala wa Bachwezi unakoma, na masimulizi mengi ya eneo la maziwa makuu huwatowesha ardhini au majini, wakabaki kuwa nguvu zinazoabudiwa badala ya wafalme wanaoonekana.

Katika Black Panther, mfalme T'Chaka alimuua ndugu yake N'Jobu huko Oakland mwaka 1992, akamwacha mtoto wa marehemu bila kumtambua. Ufalme ukastawi, ukasahau. Mtoto akakua, akawa Killmonger, akaja kudai. T'Challa, mwana wa T'Chaka, anapofukiwa mara ya pili, safari hii thelujini, na kukutana na baba zake, hawaombi nguvu. Anawaambia wote kwamba walikosea.

Deni lililosahauliwa na mdai anayefika mlangoni: mfanano huu haukai juu ya kitu kimoja kama metali, unakaa juu ya mpangilio mzima wa matukio. Je, umekusudiwa? Hapana. Hakuna ushahidi wowote kwamba Coogler au Cole walimjua Wamara. Je, tumeubuni? Pia hapana, kwa sababu kila kiungo chake kimo kwenye picha na hakuna kilichoongezwa. Wafalme wa ngano nyingi duniani hudaiwa walichokisahau, na hatuhitaji kudhani safari ya siri ya kisa kutoka Kagera hadi California.

Mhakiki mwenye haraka atakimbilia hapa kiolezo cha Joseph Campbell. Safari ya shujaa, iliyoelezwa katika The Hero with a Thousand Faces mwaka 1949, ina kushuka kwa wafu na kurudi na tunu, na kwa hiyo, ataandika, T'Challa na Wamara ni sura mbili za shujaa mmoja. Kiolezo hiki kina historia inayopaswa kumtia mhakiki tahadhari. George Lucas amekiri deni lake kwa Campbell katika Star Wars. Christopher Vogler, katika miaka ya 1980 akifanya kazi Disney, alikifupisha kiwe mwongozo wa waandishi wa miswada, na baadaye akachapisha kitabu cha kuwafundishia. Tangu hapo kuikuta safari ya shujaa katika filamu ya Hollywood ni sawa na kumkuta fundi seremala ametumia rula. Imekusudiwa, ndiyo, lakini kama ufundi wa kazi. Haitufunulii kisasili chochote kilichojificha.

Ubaya wake unaonekana kikitumiwa kumsoma Wamara. Wamara alishuka, alirudi, alileta tunu. Hadi hapo kiolezo kinatabasamu. Lakini kisa cha Wamara kinaanzia pale cha Campbell kinapoishia. Uzito wake wote uko baada ya kurudi, katika ile miaka ya shibe ambayo mtu haoni haja ya kukumbuka. Mwanafunzi anayekipima kwa hatua za shujaa atalazimika ama kuukata mwisho ama kuuita kushindwa kwa shujaa, naye Rufu atabaki hana kazi. Mwandishi amesoma rasimu za tasnifu zenye ukataji wa aina hiyo, na hakuna hata moja iliyomtaja Rufu zaidi ya mara mbili.

Tukimweka Wamara kando ya T'Challa bila kiolezo, tunaona kitu ambacho filamu peke yake haitupi. Filamu inaamini kwamba deni la baba laweza kulipwa na mwana. Mwishoni T'Challa ananunua majengo yale ya Oakland na kufungua kituo cha msaada, hesabu imefungwa. Kisa cha Buhaya hakiamini hivyo. Rufu akishatumwa, hapokei malipo. Kilichokuwa deni kimekuwa hukumu. Tofauti hii ndiyo faida ya kuzisoma pamoja, nayo inahitaji tukubali kwanza kwamba ni kazi mbili tofauti. Anayeshikilia kuwa Wakanda ni Buhaya amejinyima tofauti hiyo.

Matini ina mipaka pia. Killmonger akiwa anakufa anakataa kutibiwa, anataka azikwe baharini pamoja na wazee wake waliojirusha kutoka katika meli. Ni rahisi kukumbuka Bachwezi wakizama majini. Lakini filamu yenyewe imedokeza bahari ipi na meli zipi. Ni Atlantiki na biashara ya utumwa. Kumleta Mchwezi hapo ni kuwanyang'anya wafu wengine kaburi lao. Nia ya matini imesema hapana, na mhakiki anapaswa kusikia.

5.0 Mfasiri kama mkusudiaji

Hadi sasa tumezungumza kana kwamba mtazamaji wa Kagera anakutana na filamu katika Kiingereza chake. Wengi hawakutani nayo hivyo. Filamu za kigeni hufika katika vibanda umiza na majumbani zikiwa na sauti ya msimulizi juu yake, anayefasiri, anayefafanua, anayetania. Tanzania ilikuwa na Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala, ambaye Matthias Krings amemchambua kwa kina. Kenya ina DJ Afro. Kampala ina VJ Jingo na wenzake wanaosimulia kwa Kiganda. Uhakiki wa Kiswahili umewatazama watu hawa, pale ulipowatazama, kama wafasiri wasio rasmi. Tunapendekeza watazamwe kama wale wanaoona ili wengine waone.

Sababu ni ya kiisimu. Mahali T'Challa anapokutana na wafu panaitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya tabaka au uwanda wa mababu. Neno hilo halina juu wala chini. Picha nayo ina utata: kijana anafukiwa mchangani, kwa hiyo anashuka, lakini anachokiona ni anga pana la zambarau na mti uliojaa chui weusi. Msimulizi wa Kiswahili hawezi kuuacha utata huo kama ulivyo. Akisema kuzimu, ameshuka. Neno limejengwa kwa shina la mzimu na kiambishi cha mahali, na masikioni mwa mtu wa eneo la maziwa makuu linagusana na Okuzimu ya masimulizi ya Bunyoro, ufalme wa chini unaotawaliwa na Nyamiyonga. Akisema ahera, ametoka Buhaya na kuingia katika imani ya Kiislamu, ambako wafu husubiri hesabu na hawagawi nguvu kwa wafalme. Akisema mbinguni, Mkristo wa Kashozi ataelewa kitu kingine kabisa, na swali kwa nini mfalme alifukiwa mchanga ili aende juu litamsumbua. Akisema kwa wahenga, amekwepa mahali na kubaki na watu.

Hakuna chaguo lisilo na kisasili kati ya hayo manne. Kiingereza kilimruhusu Coogler asiamue. Kiswahili hakimruhusu msimulizi. Anapotamka kuzimu mbele ya hadhira ya Muleba, Wamara anaingia chumbani, na safari hii yupo mtu tunayeweza kumnyooshea kidole kwamba ndiye aliyemwingiza. Kusudio hilo laweza kuwa la sekunde moja, pengine bila tafakuri ndefu, lakini ni kusudio, na limeacha ushahidi katika sauti.

Utaratibu huu haukuanza na video. Mulokozi, katika utafiti wake kuhusu manju wa enanga, ameonyesha kwamba msanii wa aina ya Habibu Selemani, aliyefariki mwaka 1993, hakuwa mkariri wa matini iliyokamilika. Kila uimbaji ulikuwa utungaji, kwa kuzingatia waliokuwapo na kilichokuwa kinaendelea. Wahusika walikuwa wa kale, maamuzi yalikuwa ya usiku huo. Msimulizi wa video naye anapokea wahusika asiowabuni na picha asizoweza kuzibadilisha, na uhuru wake wote uko katika neno. Tofauti kubwa ni kwamba manju alishiriki asili ya kisa na hadhira yake, ilhali msimulizi wa video anakiunganisha kisa cha mbali na hadhira ya karibu, na kiungo hicho anakijenga papo kwa papo.

Utafiti unaofuata, kwa hiyo, una data mahususi ya kukusanya. Simulizi hizi zilisambazwa kwa kanda, kisha kwa diski, na sasa kwa simu. Za mwanzo zinaharibika, na nyingi hazikuwahi kuwekwa katika maktaba yoyote. Mtafiti atakayezikusanya na kuorodhesha, filamu kwa filamu, ni neno gani lilitumika kila mara mhusika alipokwenda kwa wafu, atakuwa na ushahidi ambao makala haya hayana: wapi kuzimu, wapi ahera, wapi mbinguni, kwa msimulizi yupi, na hadhira ilijibu nini. Kirekodi kinapaswa kuwashwa kibandani, kabla filamu haijaanza, ili majibu ya hadhira nayo yaingie.